Mshika Kamba wa Mamkwe

Walianza kwa kuvunja mlango, na ufunguo nilikuwa nao mkononi. Niliuinua waone. Nikasema, huu hapa jamani, hauhitaji nguvu. Fundi mmoja aliutazama, akanitazama mimi, kisha akainua nyundo akaishusha kwenye mbao za mninga nilizozipaka mafuta kila mwezi, miaka kumi na tisa, tangu kiwanda kilipokufa nikaachwa kuwa mlinzi wa maiti yake. Mlango ulilia mara tatu ukaanguka kifudifudi ndani. Mgeni ndiye hufunguliwa. Anayekuja kumiliki hubomoa, hata kama umemwekea mlango wazi na mkeka juu. Nikaurudisha ufunguo mfukoni. Mpaka leo ninao.

Siku arubaini walipiga. Walipiga kuta, na kuta zikatoa maji ya kijani, yale yale yaliyokuwa yakituwasha mikononi hadi tunajikuna kwa mabunzi ya mahindi. Walipiga paa, na njiwa waliozaliwa humo wakakataa kutoka, wakapondwa pamoja na mabati. Walipiga sakafu, wakapiga kizingiti, wakapiga mzani, wakapiga saa kubwa ya ukutani mpaka mishale yake ikaruka na kumchoma kibarua mmoja shavuni. Tangu hapo saa za jengo hili haziaminiki. Unapanda ngazi asubuhi na kushuka jana. Mimi mwenyewe nimewahi kukutana na mtu amesimama peke yake chini ya kamba nyekundu, shingo ameinyoosha, mikono ameiweka tayari. Nikamkaribia, nikaona ni mimi, wa miaka ishirini na sita. Nilimsalimu. Hakuitikia. Nilikuwa na kiburi siku zile.

Mji huu hauna jina. Lilikuwapo, liliandikwa kwa chokaa juu ya bati la kiwanda, na kutu ilipolila bati hakuna aliyekumbuka kama liliandikwa mahali pengine. Kwa hiyo tunasema tu "mjini," kama mtu anayesema "mwilini," na tunaelewana.

Kiwanda chetu kilichuna mkonge. Majani yaliingia upande huu yakiwa mabichi na mazito. Upande ule zilitoka singa nyeupe, ndefu, za kusukia kamba. Katikati alikaa yeye. Wahandisi walikuwa na jina la mashine hiyo vitabuni. Sisi tulimwita Mamkwe, kwa sababu alipewa kila kitu kwa mikono miwili, hukumgeuzia mgongo, na hukucheka mbele yake. Ndani ya tumbo lake mlikuwa na magurudumu mawili yenye visu butu. Butu, ndiyo. Kisu kikali hukata kikamaliza. Kisu butu hupiga, hupiga, hupiga, mpaka nyama ya jani inayeyuka na kubaki nyuzi. Na kwa kuwa Mamkwe alipenda kushika, kila mlishaji aliyeingia zamu alivua alichovaa shingoni, hirizi, rozari, mkufu wa harusi, akakitundika kwenye misumari ya mlangoni. Ukitaka kujua wangapi wamo ndani, ulihesabu misumari. Ukitaka kujua nani hakutoka, ulingoja jioni uone kilichobaki kinaning'inia.

Mimi nilikuwa mshika kamba.

Juu ya Mamkwe ilining'inia kamba nyekundu, nene kama kifundo cha mkono, imesukwa kwa singa zake mwenyewe. Ukiivuta, mkanda unachopoka kwenye gurudumu, na baada ya pumzi mbili Mamkwe anasimama. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu: kusimama chini ya kamba bila kuivuta. Maana haikuvutwa ovyo. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa, na tuliiimba wakati wa kufagia, ilisema kamba hufuata filimbi, na filimbi ilikuwa ya nyapara. Uone moto, uone damu, hujaona kitu mpaka filimbi iseme umeona.

Nimeuliza swali hili kuta, njiwa, na yule kijana asiyeitikia salamu: mkono unaovuta kamba kwa amri ya filimbi ni mkono wa nani? Kama ni wa nyapara, basi mimi nilizaliwa bila mikono na mke wangu ameolewa na kiwiliwili. Kama ni wangu, basi nini kilichonizuia siku ile? Hakunifunga mtu. Kamba ilikuwa kichwani pangu. Macho yalikuwa mawili, mazima, na hayakuwa na usingizi. Watu husema mwenye nguvu ni yule anayeamuru. Uongo. Nyapara Mtonga alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi. Ungempiga kibao angelala chini. Nguvu yake yote niliiweka mimi mdomoni mwake, kila asubuhi, kwa hiari yangu, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Niliona.

Nalisema hapa kwa sababu kwingine sikulisema. Nambua alikuwa mlishaji, mwanamke wa kwanza kumlisha Mamkwe, mwepesi, mtani, anaimba huku anatupa majani. Ukanda wa kidole chake cha mwisho, kipande cha kitambaa alichofungia kidonda, ulinaswa na mnyororo unaomvutia Mamkwe majani. Niliuona unanaswa. Nikaona kidole kinafuata, nikaona kiganja, nikamwona anageuza uso kunitafuta. Nikageuka kumtazama Mtonga. Mtonga alikuwa na pingili ya muwa mdomoni. Alikuwa akihangaika kuitema. Nikangoja. Ndivyo ilivyokuwa: mtu analiwa, nami nangoja mwenzangu ateme muwa. Filimbi ilipolia mkono ulikuwa umekwenda wote, mpaka begani, na sakafu imekuwa nyekundu juu ya kijani.

Kwetu mkono haukutupwa. Tuliuosha, tukauvika sanda ya singa nyeupe, tukauacha na bangili yake ya shaba, tukauzika chini ya kizingiti cha mlango. Siku arubaini zamu zote ziliingia pekupeku, na kila aliyevuka alisema, "Pole, mkono." Nilimwoa Nambua kabla arubaini haijaisha. Watu walisema ni huruma, wengine wakasema ni mapenzi, na mapenzi yalikuja kweli, sisemi uongo kwa hilo. Alipoamka hospitalini aliniuliza, "Uliona?" Nikasema, sikuona. Alipojifungua mtoto wa kike nikampa jina mwenyewe: Sijaona. Majirani walidhani namsifia uzuri wake. Miaka arubaini na moja mke wangu ananiita Baba Sijaona, na kila akiniita naitika.

Sasa turudi kwenye nyundo.

Aliyenunua jengo aliitwa Lwitiko, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye viatu vyeupe visivyoshika vumbi hata akitembea juu ya kifusi. Sijawahi kumchukia. Alinishika mabega siku ya kwanza akasema, "Mzee wangu, hatuui kitu hapa. Tunakipa maisha ya pili." Nyuma yake nyundo ikashuka ukutani na nusu ya chumba cha mapumziko ikalala chini. Alisema penye majani pataingia mawazo, na upande wa pili zitatoka biashara. Nikamuuliza katikati atakaa nani. Akacheka akaliandika swali langu kwenye simu yake.

Wakaja wapangaji. Wachora matangazo, wabunifu wa mitindo, wapiga picha za vyakula wasivyokula. Walipewa meza ndefu, viti vya magurudumu, kahawa yenye povu. Chumba cha nyapara kikawa chumba cha utulivu, wakatandika mazulia na mito. Kuta zilikwanguliwa mpaka matofali yakatokea, kisha zikapakwa dawa zibaki hivyo hivyo, zimechubuka milele. Misumari ya hirizi waliipaka rangi ya dhahabu na kutundikia kofia. Wakaajiri watu wawili wa kuchafua upya bomba lililosafishwa kwa makosa. Na mimi nikapewa fulana nyeusi yenye maneno MTU WA KWANZA mgongoni, niwe nasimama karibu na Mamkwe na kujibu maswali. Mamkwe walimpaka nta akang'aa. Wakamwekea mota mpya, kwa sababu Lwitiko alitaka siku ya ufunguzi aungurume kidogo, watu wasikie roho ya jengo.

Kwenye kifusi cha chumba cha nyapara walikuta filimbi. Ya Mtonga, ile ile, imejikunja mdomoni alipokuwa akiing'ata. Lwitiko aliisugua ndimu na majivu, akaitia utepe mrefu wa hariri, akaivaa shingoni. Siku hiyo nilipanda ngazi nikashuka mwaka mwingine, nikapita mbele yake nikamwamkia, "Shikamoo, nyapara." Akaitikia marahaba bila kusita, ingawa ni mdogo kwa binti yangu.

Na chini ya kizingiti wakakuta mkono.

Hawakuniambia. Niliuona kwenye sanduku la kioo karibu na mapokezi, mifupa imepangwa juu ya kitambaa cheusi, bangili ya shaba imelala mahali pake. Karatasi chini yake ilisema: Mfupa. Huenda wa mnyama. Ulipatikana wakati wa ukarabati. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika nyumbani nikaomba maji ya kunawa, lakini mke hasomi karatasi, anasoma uso. "Wameuchimbua," Nambua alisema. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda kuipiga pasi kanga yake mpya.

Alikuja siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, jua limejaa vioo vyote, wageni wameshika vinywaji vya rangi. Alipita katikati yao kwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Lwitiko alimfuata mbio.

"Shikamoo bibi. Samahani, hapo hapaguswi."

"Marahaba. Hapaguswi na nani? Nimekuja kuchukua mkono wangu."

Lwitiko alicheka, kisha akaona bega lake tupu chini ya kanga, akaacha. Uso wake uliingia aibu ya kweli, nilimwona. "Bibi yangu, naomba tulizungumze hili baada ya shughuli. Naapa. Wageni wameshafika."

"Umeapa," Nambua alisema. "Nitangoja. Kungoja nimezoea."

Akanigeukia. Akaweka kidole juu ya kioo, akawa anakipeleka taratibu, kama mwalimu anayefundisha ramani.

"Njoo uone, Baba Sijaona. Hivi ni vidole. Hapa kifundo. Hapa kiwiko. Na huu wote mpaka juu. Unakumbuka Mamkwe alivyokuwa akila? Hakuwa na haraka. Kama angesimamishwa mapema, ningepoteza hivi viwili, vitatu. Ningepika. Ningemfunga mtoto mgongoni mwenyewe."

"Mtonga alikuwa na muwa mdomoni."

"Mtonga nimeshamsamehe, amekufa. Nakuuliza wewe. Uliona?"

Hapo ndipo ningelimaliza. Tulikuwa wawili, kelele ilikuwa nyingi, na kile kioo kilikuwa kati yetu na ule uongo kikionyesha kila kifundo chake. Nilifungua mdomo. Ndani yake nilikuta miaka arubaini na moja imejaa, haina nafasi ya neno jingine.

"Sikuona," nikasema.

"Haya," alisema Nambua. Akatazama pembeni. Lile neno "haya" lilinipiga kuliko nyundo zote.

Wakaniita nisimame mahali pangu. Chini ya kamba, Lwitiko alisema, kama zamani. Kamba ilikuwa imeoshwa, nyekundu imerudi. Nikahisi imesogea kidogo kuelekea dirishani, nikadhani ni macho yangu ya uzee. Yule kijana wa miaka ishirini na sita alikuwa hapo tayari. Tukabanana. Lwitiko alipanda jukwaa la walishaji, mkono mmoja ameshika jani bichi la mkonge lililoletwa kwa ajili ya picha, mkono mwingine simu. Filimbi ilikuwa ikicheza kifuani pake.

"Bosi, vua hiyo," nilimwambia. "Hapo hapapandwi na kitu shingoni."

"Mzee wangu, hii ndiyo picha yenyewe!"

"Basi mpe kwa mikono miwili."

Watu walicheka, wakafurahi kwamba mtu wa kwanza ana vituko. Akawasha.

Aliyesahau ile sauti na aisahau. Mimi mwili wangu wote uliikumbuka kabla ya masikio. Sakafu ilitetemeka, vinywaji vikamwagika, vumbi la dawa likaanguka kutoka kwenye matofali, na Mamkwe, aliyelala njaa miaka kumi na tisa, akafungua tumbo. Lwitiko alimgeuzia mgongo awapungie wageni. Kisha akainama kulitupa jani, kwa mkono mmoja, akijitazama kwenye simu. Utepe ukaning'inia. Filimbi ikagusa mnyororo, ikagonga, tiki, mara moja, kama mtu anayebisha hodi, ikaingia.

Niliuona utepe ukinyooka. Nikaona shingo inafuata. Alianguka kifua juu ya mnyororo, simu ikaruka, na mikono yote miwili, sasa miwili, ikashika ukingo wa chuma kusukuma. Hariri haikatiki. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kisha zambarau, macho yakanitafuta, na nikaapa kwamba yalikuwa macho ya Nambua, kisha ya Mtonga, kisha yangu. Wageni walikuwa wakipiga picha. Mmoja alipaza sauti, "Anaigiza vizuri!"

Na mimi nilifanya nini? Nilitega sikio. Mungu anisamehe, nilitega sikio kusikia filimbi, na filimbi ilikuwa kwenye meno ya Mamkwe, inaliwa, haitalia tena mpaka kiama. Pale pale nikajua kwamba haitalia. Hakuna aliyebaki wa kuniambia nimeona. Kijana aliyekuwa kando yangu aligeuka, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni. Tukaivuta kamba pamoja, mikono minne.

Ilikuja yote. Ilishuka na kulabu, na kipande cha dari, na balbu tatu za urembo zilizopasuka kichwani pangu. Haikuwa imefungwa popote. Walikuwa wameikata kwenye mkanda, wakaisogeza dirishani ipate mwanga mzuri, wakaitundika kwenye kulabu ya taa. Mamkwe hakupunguza hata pumzi moja. Nywele za Lwitiko zilikuwa shubiri moja kutoka kwenye visu.

Kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote, na kila mlishaji alilijua: Mamkwe hukabwa na singa. Jani hulimeza, mfupa huumeza, lakini ukimrudishia singa nyingi kwa pamoja zinamzunguka magurudumu mpaka anakwama. Nilikusanya kamba yote kifuani, mzigo mzima, vumbi la dari ndani yake, nikapanda jukwaa. Sikuwa na muda wa kuitupa. Niliisukuma. Niliisukuma kwa mkono wa kulia mpaka nikahisi ameipokea, na alipoipokea aliipokea pamoja na mkono.

Maumivu hayakuwa kama nilivyoyafikiria miaka yote nikiwa nimelala kando ya mke wangu. Kwanza ni mshangao, kama kuitwa jina lako na mtu usiyemjua. Kisha visu butu vikaanza. Vilipiga, vilipiga, vilipiga. Nililia kwa sauti ambayo sikuwahi kujua ninayo. Nilimwita mama yangu, nikamtukana Mtonga, nikamwomba Mamkwe kwa heshima zote anazostahili mkwe. Mkononi mwangu kitu kilivunjika, kingine kikavunjika, na singa nyekundu zikajisokota juu ya magurudumu, tabaka juu ya tabaka, zikiubana mkono ndani yake, mpaka mota mpya ikapiga yowe, ikatoa moshi, na mkanda ukaruka ukapasua kioo cha dirisha zima.

Kimya.

Lwitiko aliteleza chini ya jukwaa, shingo imechubuka mpaka nyama nyekundu, akipumua kwa mlio wa mtu anayenywa uji wa moto. Alikuwa hai. Damu yangu ilishuka kwenye nta ya Mamkwe, ikapita juu ya maji ya kijani ya lile jani moja, ikadondoka kwenye sakafu iliyong'arishwa. Kisha wageni wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wengine wamesimama juu ya viti. Ni mpaka mwanamke wa mbele alipofuta shavu lake, akatazama kiganja, ndipo makofi yakaanza kufa, moja moja, na mayowe yakaanza.

Nambua alikuwa wa kwanza kupanda. Alipanda kama mlishaji, mguu wa kushoto kwanza, bila kushika kitu. Aliufungua mkono wangu kutoka kwenye singa, uzi kwa uzi, kwa vidole vitano tu, na vilivyokuwa vya kubaki ndani akaviacha ndani. Akavua kanga yake, ile iliyopigwa pasi, akaizungusha chini ya kiwiko changu mara nne. Bega lake tupu lilikuwa wazi mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza tangu tuoane, na kovu lake lilikuwa linang'aa juani. Nilitaka kumwambia. Nilisema, "Mama Sijaona, siku ile..." na meno yakagongana, neno likakatika.

Hakungoja nimalize. Aliutazama mkono wangu, pale kifundo kilipokuwa, akautazama kwa muda, kama alivyoitazama ile mifupa yake kiooni. Machozi yalikuwa yakimtoka na uso wake haukuwa na huruma.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema, akashika ncha ya kanga kwa meno, akakaza.